Salfeti kwenye sabuni: nani aziogope, na kwa nini

Niliinunua ile sabuni ya maji kwa sababu ya maneno mawili yaliyoandikwa mbele ya chupa kwa herufi kubwa kuliko jina la sabuni yenyewe: "haina salfeti". Mikono yangu ilikuwa imechoka. Katikati ya vidole ngozi ilikuwa inapasuka, na chini ya pete palikuwa na kiduara chekundu kilichonikosesha usingizi kwa kuwasha. Wiki ya pili ya kuitumia sabuni hiyo, kiduara kikavuka mpaka wa pete. Ndipo nikafanya kile nilichotakiwa kukifanya dukani, nikageuza chupa na kusoma nyuma. Salfeti kweli haikuwemo. Kilichokuwemo, mara tu baada ya maji, ni Sodium C14-16 Olefin Sulfonate, halafu chini kidogo manukato, halafu kihifadhi ambacho madaktari wa ngozi wamekilalamikia kwa miaka.

Aliyeandika maneno ya mbele hakusema uongo, na hapo ndipo ugumu ulipo. "Haina salfeti" ni jibu la kweli kwa swali ambalo ngozi yangu haikuuliza. Ngozi haijui kusoma majina ya kemikali. Inachojua ni nguvu ya kile kilichoigusa, wingi wake, muda kilipokaa juu yake, na kama yenyewe ilikuwa nzima au tayari imechubuka kilipofika.

Lakini nisiruke mbele. Tuanze na jina, maana wengi hupotelea hapo.

Salfeti ni chembe moja ya salfa iliyozungukwa na chembe nne za oksijeni. Kwa umbo hilo tupu haina ugomvi na mtu. Imo kwenye damu yako sasa hivi. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito mara nyingi ni salfeti ya chuma. Inayozungumziwa kwenye shampuu ni salfeti iliyofungwa mkia mrefu wa mafuta, na ni huo mkia unaoibadilisha tabia.

Kuna hofu nyingine inayoingia hapa kwa mlango wa majina. Mtu aliyewahi kuvimba midomo au kutoka malengelenge kwa sababu ya dawa za salfa akiliona neno salfeti kwenye chupa hushtuka, na mimi simlaumu, kwa sikio yanafanana kama mapacha. Lakini dawa zile ni za ukoo wa salfonamidi, na sehemu ya molekuli inayougombanisha mwili na dawa hizo haimo kabisa kwenye salfeti za sabuni. Salfaiti zinazotiwa kwenye mvinyo na matunda makavu, ambazo baadhi ya wagonjwa wa pumu huzikwepa, nazo ni kitu kingine. Mwenye mzio wa dawa za salfa anaweza kuoga na shampuu yenye salfeti bila wasiwasi wa mzio ule. Akiwashwa, atawashwa kwa sababu zilezile zinazotuwasha sisi wengine.

Sasa huo mkia. Salfeti mashuhuri kuliko zote huandikwa kwenye chupa Sodium Lauryl Sulfate, na watu huifupisha SLS. "Lauryl" ni habari ya mkia: kaboni 12 zilizopangana kwenye mstari, zinazotoka kwenye mafuta ya nazi au ya kokwa za mchikichi. Kichwa, yaani salfeti, kinapenda maji. Mkia unayakimbia maji na kutafuta mafuta. Molekuli yenye tabia mbili namna hiyo ikikutana na nywele zenye mafuta hutumbukiza mkia kwenye mafuta, huku kichwa kikibaki kwenye maji. Zikikusanyika nyingi huliviringa tone la mafuta, na maji yakipita huondoka nalo. Sabuni ya mche hufanya kazi hiyohiyo. Ila sabuni ya mche ikikutana na maji ya chumvichumvi huganda na kuacha utando mweupe kwenye beseni na kwenye nywele, ilhali salfeti hazina shida hiyo. Ndiyo maana zilipoingia sokoni, kwa kina Dreft ya kufulia mwaka 1933 na shampuu ya Drene mwaka 1934, zilipokelewa kama ukombozi. Zilikuwa rahisi, zilitoa povu hata kwenye maji magumu, na nywele zilitoka safi.

Tatizo ni kwamba mafuta ya uchafu na mafuta ya ngozi, machoni pa mkia ule, ni mafuta tu.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba kuliko unywele. Wataalamu hulifananisha na ukuta: seli zilizokufa, zilizojaa protini ya keratini, ndiyo matofali, na kati yake kuna udongo wa mafuta maalumu, yaani seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Ukuta huo huzuia maji ya mwilini yasitoke na vya nje visiingie. Ndani ya matofali kuna viambata vidogo vinavyovuta na kushika unyevu. SLS inapofika hapo huhomoa sehemu ya udongo, na hilo wengi wamelisikia. Lisilosemwa sana ni kwamba inayashambulia pia matofali. Kichwa chake chenye chaji hasi hung'ang'ania keratini, protini inafumuka na kuvimba, maji yanaingia kwa wingi, vile viambata vya kushika unyevu vinasombwa. Ukishajipangusa, maji yaliyoivimbisha ngozi hukauka na ukuta unasinyaa. Ile hali ya uso kukaza dakika kumi baada ya kunawa, kama umepakwa ute wa yai ukakauka, ni hiyo. Wengi tumefundishwa kuifurahia. Kidole kikilia "kwii" juu ya shavu tunasema sasa nimetakata. Mlio ule ni wa ngozi iliyonyang'anywa hata kilicho chake.

Kwa mtu mwenye ngozi nzima, ukuta hujirekebisha kabla hajaoga tena, na ndiyo maana mamilioni ya watu wametumia SLS miaka nenda rudi bila kujikuna. Mambo hubadilika kwa mwenye pumu ya ngozi, au ukurutu kama wengine wanavyouita. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kuwa baadhi ya wagonjwa hao wamezaliwa na kasoro kwenye jeni ya protini iitwayo filagrini, ambayo ndiyo huyakaza matofali na kisha kuvunjikavunjika ikawa sehemu ya vile vishika unyevu. Yaani ukuta wao umeanza na nyufa. Kwao hakuna haja ya kisafishaji kikali sana, kila mnawo unachimba palipokwisha kuchimbika. Wapo pia ambao hawakuzaliwa hivyo bali kazi imewafikisha huko: wauguzi, wasusi, waosha vyombo, wazazi wa mtoto mchanga, kila anayenawa mara ishirini kwa siku.

Kwamba SLS inawasha si uvumi wa mitandaoni. Watafiti wa ngozi wakitaka kuchunguza muwasho huchukua SLS iliyochanganywa na maji, mara nyingi kwa asilimia 1 hivi au zaidi kidogo, wakaifunika juu ya mkono kwa plasta kwa saa 24, kisha wakapima wekundu na kiasi cha maji kinachopotea. Imekuwa kipimo chao cha kawaida kwa miongo mingi kwa sababu haiwaangushi. Wanaoipinga SLS hupenda sana kuutaja ushahidi huu, na wana haki, mradi wasiiruke hiyo plasta na hizo saa 24. Shampuu hukaa kichwani dakika mbili na kusuuzwa. Ukilala na limao limefungwa shavuni, asubuhi utakuwa na kidonda, lakini hicho hakitoshi kuliita limao sumu.

Kuna kisa kimoja ambapo SLS iliachwa kweli ikae kwenye ngozi, na ngozi ileile iliyo dhaifu. Nchini Uingereza kuna krimu nyeupe ya bei rahisi ambayo kwa miaka mingi madaktari waliwaandikia wagonjwa wa pumu ya ngozi, watoto wakiwemo. Kazi yake ilikuwa kulainisha. Ndani yake mlikuwa na SLS karibu asilimia 1, si kwa ajili ya kusafisha bali kuyashikanisha mafuta na maji yasitengane. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath waliwapaka krimu hiyo watu wenye ngozi nzima, kila siku kwa wiki nne, na wakakuta tabaka la juu limepungua unene kwa zaidi ya asilimia 10, na ngozi inavuja maji kuliko awali. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, MHRA, ikatoa tahadhari kwamba krimu hiyo inaweza kuwasha, hasa watoto wenye pumu ya ngozi, inapopakwa na kuachwa. Mzazi alikuwa anampaka mwanawe dawa ya ukavu yenye kitu kinachokausha, na mtoto akilia aliambiwa ni ugonjwa. Kila ninaposikia kwamba habari hizi za salfeti ni za watu wenye muda wa kupoteza, nakikumbuka kisa hicho.

Kinatufundisha tofauti ambayo naiona kubwa kuliko ile ya "ina" na "haina": kilichopakwa kikaachwa, na kilichopakwa kikasuuzwa. Hata jopo la Marekani linalokagua viambato vya vipodozi, liitwalo Cosmetic Ingredient Review, lilipoiangalia SLS mwaka 1983 liligawa hivyohivyo. Kwa bidhaa za kutumia kwa muda mfupi na kusuuza vizuri, ni salama. Kwa zinazokaa kwenye ngozi, isizidi asilimia 1. Ukiwa na ngozi nyepesi kudhurika, mimi ningekuambia usikubali hata hiyo asilimia 1 kwenye losheni.

Sasa ndugu yake. Sodium Laureth Sulfate, SLES kwa kifupi, hutofautiana na SLS kwa herufi chache tu kwenye chupa, na watu wengi huzihesabu kuwa kitu kimoja. Kiwandani, kabla ya kufungwa kichwa cha salfeti, mkia wake huongezewa vipande viwili vitatu vya ethilini oksaidi. Molekuli inakuwa ndefu zaidi na inayapenda maji zaidi, kwa hiyo haipenyi wala kuganda kwenye keratini kwa urahisi kama SLS. Ukizipima zote mbili chini ya plasta, SLES huwasha kidogo kuliko mwenzake, na tofauti huonekana kwa macho. Shampuu nyingi zenye salfeti unazozikuta leo zimejengwa juu ya SLES, si SLS. Kwa hiyo mtu anayesimulia ubaya wa SLS huku ameshika chupa ya SLES anamhukumu mdogo mtu kwa makosa ya kaka yake.

SLES ina doa lake, na ni doa la kiwandani. Katika kuongezewa vile vipande huzaliwa masalia kidogo ya 1,4-dioksani, kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani. Hutaiona kwenye orodha ya viambato kwa sababu hakuna aliyeitia, imejizalia. Inaweza kuondolewa kwa mvuke na utupu wakati wa kutengeneza, na watengenezaji makini huiondoa. Jimbo la New York liliamua kutowaachia hiari: tangu mwisho wa 2022 sabuni za mwili na za nyumbani hazikuruhusiwa kuzidisha sehemu 2 kwa kila milioni, na mwaka mmoja baadaye kikomo kikashuka hadi sehemu 1. Ukubwa wa hatari kwa anayeoga ni mdogo. Sheria yenyewe ilisukumwa zaidi na maji ya kunywa, kwani dioksani haiozi upesi na huzama hadi kwenye visima.

Na ule uvumi kwamba SLS yenyewe huleta saratani? Ulienea kwa barua pepe miaka ya mwisho ya tisini, ukaingia kwenye simu zetu, na haujawahi kupata ushahidi wa kusimamia. SLS inawasha. Shtaka hilo linatosha, haihitaji kubambikiwa jingine.

Turudi kwenye chupa yangu. Ile Olefin Sulfonate iliyofuata mara tu baada ya maji si salfeti, ni salfoneti. Kikemia tofauti ni oksijeni moja: kwenye salfeti mkia unashikana na salfa kupitia chembe ya oksijeni, kwenye salfoneti unashikana nayo moja kwa moja. Kwa wakili hiyo ni tofauti ya kutosha kuandika "haina salfeti". Kwa mkono uliochubuka, kisafishaji hicho kina kichwa chenye chaji hasi, mkia wa kung'oa mafuta, na ukali unaoweza kufika jirani kabisa na salfeti. Mtu akinipa uchaguzi kati ya sabuni iliyojaa salfoneti hiyo peke yake na sabuni ya SLES iliyochanganywa vizuri, nitachukua ya pili.

Neno "iliyochanganywa" lina uzito. Molekuli za visafishaji zikizidi kiwango fulani majini hujikusanya vifundo vidogo viitwavyo miseli, mikia ndani, vichwa nje. Kwa SLS kiwango hicho ni kama gramu 2.3 kwa lita. Zilizo ndani ya kifundo kikubwa hazipenyi ngozi kwa urahisi, wanaopenya ni wale wanaozurura peke yao na vifundo vidogo. Sasa ukitia kisafishaji cha pili cha aina tofauti, kama Cocamidopropyl Betaine, yenyewe inajipenyeza kati ya vichwa vya salfeti, vifundo vinanenepa, wazururaji wanapungua, na mchanganyiko unakuwa mpole kuliko salfeti ileile peke yake, ingawa jumla ya visafishaji imeongezeka. Kwa akili ya kawaida hili halikubaliki haraka. Tumezoea kwamba kuongeza kemikali ni kuongeza ukali. Lakini ndiyo sababu shampuu mbili zenye jina lilelile mstari wa pili zinaweza kuitendea ngozi mambo tofauti kabisa.

Kichekesho kikubwa zaidi ni sabuni ya mche. Watu wengi wakiamua kuachana na salfeti hukimbilia huko, wakiamini kitu cha asili, cha mafuta na magadi tu, lazima kitakuwa kipole. Sabuni ya kweli haina salfeti hata chembe. Ina alkali: kipimo chake cha pH ni kati ya 9 na 10, wakati ngozi huishi kwenye tindikali nyepesi, karibu na 5. Vimeng'enya vinavyotengeneza ule udongo wa mafuta kati ya matofali hufanya kazi vizuri kwenye tindikali hiyo, na alkali ikija vinazubaa, huku keratini ikizidi kuvimba. Kwa mwenye pumu ya ngozi, mche wa asili wa harufu nzuri uliotengenezwa kwa mikono unaweza kuumiza kuliko jeli ya kuogea yenye SLES. Wapo wanaoupenda na haujawadhuru, sawa. Mimi nasema usiupe sifa ya upole kwa sababu tu hauna jina la kutisha.

Mche ambao ni mpole kweli kwa kawaida si sabuni, ingawa una umbo la sabuni. Geuza pakiti, ukikuta mwanzoni Sodium Cocoyl Isethionate badala ya Sodium Palmate, Sodium Tallowate au Sodium Cocoate, umepata kisafishaji kisicho na alkali kali. Kwenye za maji, majina ninayoyatafuta ni yenye Glutamate, Sarcosinate, Taurate, na yanayoishia Glucoside. Sodium Coco Sulfate, kinyume chake, huuzwa kama mpole na wa asili kwa sababu ya hilo neno la nazi katikati. Sehemu yake kubwa ni SLS ileile. SLS yenyewe nayo inatoka kwenye nazi, kama nilivyosema, kwa hiyo sifa ya nazi haiokoi kitu.

Orodha ya viambato huandikwa kwa mpangilio wa wingi, kinachozidi kinatangulia, ila vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa ovyo. Kwa hiyo kisafishaji kilichokaa wa pili au wa tatu ndicho kinachofanya kazi. Kile cha upole kilichopigwa picha ya ua lake mbele ya chupa, lakini kimeandikwa baada ya manukato, kimewekwa pale kwa ajili ya picha.

Kabla hujaenda kununua, kuna jambo la kuamua kwanza, nalo ni kama unachoumwa ni muwasho au mzio. Maneno haya kwenye mazungumzo tunayachanganya. Muwasho ni uharibifu: kitu kikali kimeuchuna ukuta, na ukikipunguza wingi na muda, ngozi inatulia. Unampata yeyote, ni suala la kiasi. Mzio ni kinga ya mwili kukikariri kitu kimoja na kukishambulia kila kikija, hata kiwe tone. Salfeti husababisha zaidi ule wa kwanza, mzio wake ni nadra. Wanaosababisha wa pili ni manukato na vihifadhi, na, jambo linalowauma wanaotafuta upole, hata baadhi ya visafishaji vipole. Chama cha Marekani cha madaktari wa mizio ya ngozi huteua kila mwaka kitu kimoja cha kuangaliwa. Mwaka 2004 kilikuwa Cocamidopropyl Betaine, hasa kwa ajili ya masalia ya kiwandani yanayobaki ndani yake. Mwaka 2013 ikawa Methylisothiazolinone, kihifadhi kile nilichokikuta kwenye chupa yangu. Mwaka 2017 zikawa hizo zinazoishia Glucoside. Umoja wa Ulaya baadaye ulikipiga marufuku kihifadhi hicho kwenye losheni na krimu za kuacha, na kwenye za kusuuza ukakiwekea kikomo cha asilimia 0.0015.

Dalili za mahali husaidia kukisia. Shampuu ikiwa ndiyo mkosaji, mara nyingi ngozi ya kichwa, iliyo ngumu, hutulia tuli, na wekundu hutokea njia ya povu: kwenye kope, nyuma ya masikio, pembeni mwa shingo. Sabuni ya mikono hujificha chini ya pete na katikati ya vidole, panaposuuzwa kwa uvivu. Upele ukiwa umekaa pembeni mwa mdomo, fikiria dawa ya meno. Ukiendelea kurudi hata baada ya kubadilisha bidhaa mbili tatu, acha kubahatisha na umwone daktari wa ngozi akubandike plasta za vipimo mgongoni. Utazivaa siku mbili, na utaondoka na jina la kitu badala ya dhana.

Dawa ya meno imestahili maneno yake. Nyingi zina SLS ya kutoa povu. Ukipiga mswaki kisha ukanywa juisi ya chungwa na ukaisikia chungu kama shubiri, ni SLS hiyo: imezizima kwa muda hisia za utamu kwenye ulimi na kuuacha uchungu utawale. Kwa wanaotokwa vidonda vidogo vyeupe mdomoni kila mara, watafiti wa Norway waliripoti mwaka 1994, kwa kikundi kidogo cha watu 10, kwamba vidonda vilipungua walipotumia dawa isiyo na SLS. Majaribio yaliyofuata mengine yaliafiki, mengine hayakuona tofauti. Kwa kuwa kubadilisha hakuna madhara na floraidi hubaki palepale, ni jaribio ninaloliunga mkono bila kusitasita.

Kwa mwenye mba anayetumia shampuu ya dawa, ushauri wangu ni kinyume. Shampuu hizo nyingi zina salfeti, na dawa iliyomo ndiyo inayodhibiti fangasi. Usiitupe kwa sababu ya neno moja. Ipake kichwani tu, isuuze ukiwa umeinamisha kichwa mbele isiteremke usoni, na itumie kwa siku ulizoelekezwa. Mwenye nywele za kipilipili naye ana sababu nyingine ya kupunguza salfeti, kwamba mafuta ya kichwani hayateremki kwa urahisi kwenye unywele uliojikunja na hivyo kila yanayong'olewa ni hasara. Ila akitumia kondishena yenye silikoni isiyoyeyuka kwenye maji, visafishaji vipole vinaweza kushindwa kuiondoa, na baada ya wiki kadhaa nywele zikawa nzito na butu bila yeye kuelewa kwa nini.

Povu ndilo litakalokusumbua siku za mwanzo. Visafishaji vipole vingi havitoi povu jingi, na mkono uliozoea povu huongeza, ukabinya chupa mara tatu badala ya moja, na upole wote ukaishia hapo. Povu halisafishi. Linakuonyesha tu ulipopaka. Maji ya moto nayo huongeza makali ya kisafishaji chochote, kwa hiyo vuguvugu inatosha. Na ukibadilisha, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kisha subiri wiki nne hivi, muda ambao ngozi inahitaji kujijenga upya kutoka chini. Aliyebadilisha sabuni, losheni, shampuu na sabuni ya kufulia wiki moja hata akipona hatajua kilichomponya.

Mikono yangu ilipona kwa mambo matatu, na la kwanza halikuwa na kemia ndani yake: nilianza kuvua pete kabla ya kunawa. La pili, sabuni ya mikononi niliibadilisha kwa moja isiyo na manukato wala kile kihifadhi. La tatu, glovu za kuoshea vyombo, ambazo nilizidharau miaka kumi. Shampuu sikuigusa. Mstari wake wa pili ni SLES, wa tatu ni ile betaini, kichwa changu hakijawahi kulalamika, na naitumia mpaka leo.